Lango Liachwe Kama Lilivyokutwa

Katikati ya kisiwa cha Sardinia, nchini Italia, ipo sehemu ya milima iitwayo Barbagia. Lami imefika katika vijiji vyote, lakini ukishaipita nyumba ya mwisho huchukui muda kabla hujaanza kukanyaga changarawe: nyeupe penye mawe ya chokaa, ya kijivu penye matale. Njia hizo hupanda na kushuka kati ya vichaka vizito ambavyo Waitaliano huviita makia. Humo mna mihadasi, mireteni, rozimeri, na mti mmoja mfupi ambao vuli ikifika hubeba maua meupe na matunda mekundu kwa wakati mmoja. Nyuki wakiyanywa maua yake, asali hutoka chungu, na wenyeji huipenda hivyohivyo.

Siku hizi njia hizi zimewavuta waendesha baiskeli wa changarawe, wale wenye usukani uliopinda wa baiskeli za mashindano lakini tairi pana zinazostahimili mawe. Wengine huanzia Orgosolo kupanda kwenye msitu wa Montes, wengine huzunguka Fonni, kijiji kilicho mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na wenye mapafu makubwa huingia Supramonte, nyanda za chokaa zilizochanwachanwa na makorongo. Simu zao huwaonyesha umbali na mwinuko. Adabu za nchi hawaonyeshwi, na hii ni nchi yenye adabu nyingi. Sardinia ina kondoo karibu milioni 3, na watu wasiozidi milioni 1.6. Njia unayoipita ni ya mchungaji kwanza.

Somo la kwanza la mgeni hutolewa langoni. Mara nyingi lango lenyewe ni fremu ya kitanda cha chuma cha zamani, imesimamishwa wima kati ya kuta mbili za mawe na kufungwa kwa kitanzi cha waya. Kulifungua kuna ufundi wake: unaegemeza baiskeli ukutani, unalisukuma kwa bega hadi waya ulegee, unavua kitanzi, unapita, kisha unarudia yote kwa kinyume. Ukilikuta limefungwa, lifunge. Ukilikuta wazi, liache wazi. Wageni wengi huikumbuka nusu ya kwanza tu ya kanuni hii, na kwa nia njema kabisa hufunga lango lililoachwa wazi makusudi. Upande wa pili kuna birika la maji, na kondoo wasipolifikia siku ya jua kali, hasara ni ya mwenye kundi. Nalo lango lililofungwa linatenga majike wanaokamuliwa na madume, au malisho ya mtu huyu na ya jirani yake. Kundi moja likivuka mahali pasipo pake, ugomvi unaweza kuwafikia hata watoto.

Kuta hizo nazo zina historia chungu. Zamani sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa mali ya kijiji kizima: mwaka huu watu walime huku na kulisha kule, mwaka ujao wabadilishane. Mwaka 1820 serikali ya wafalme wa Savoy ilitoa amri ya kuruhusu mtu azungushie ukuta ardhi yake awe mmiliki wake kamili. Waliokuwa na nguvu walizungushia na isiyo yao, pamoja na chemchemi na njia. Wachungaji wakajikuta wanalipia majani ambayo babu zao waliyalisha bure. Aprili 1868 watu wa Nuoro walivamia ofisi za mji na kuchoma hati za mauzo ya ardhi ya jumuiya, mwanamke aitwaye Paskedda Zau akiwa mstari wa mbele. Na mwezi Juni 1969, jeshi lilipotaka kugeuza malisho ya Pratobello, karibu na Orgosolo, kuwa uwanja wa mazoezi ya risasi, kijiji kilitoka, wazee na watoto, wakakaa malishoni mpaka askari wakaondoka. Orgosolo sasa inajulikana kwa picha zilizochorwa kwenye kuta za nyumba zake, na kisa hicho kimo. Mwendesha baiskeli anayesifu kwamba huku anaweza kupita popote anapaswa kujua kwamba uwazi huo ulipiganiwa. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote kuhusu njia hizi.

Baada ya lango, mbwa. Sardinia haina mbwa mwitu, na bado kila kundi lina mbwa wakubwa waliolelewa pamoja na kondoo tangu wangali vitoto. Kwa karne nyingi adui mkuu wa kundi alikuwa mtu. Wizi wa mifugo uliota mizizi Barbagia, na pamoja nao kanuni zisizoandikwa za nani akiibiwa alipize vipi na aliyeudhiwa asubiri nini. Msomi Antonio Pigliaru wa Orune alizichunguza katika kitabu alichokitoa mwaka 1959, akaonyesha kwamba kisasi cha Barbagia kilikuwa mfumo wa sheria wenye vifungu vyake, haukuwa fujo. Visasi vimepungua sana, mbwa wamebaki. Wakija mbio, shuka, weka baiskeli kati yako na wao, zungumza kwa sauti ya chini, tembea. Ukikazana na pedali wanakuona mwizi anayetoroka.

Mara nyingi utalisikia kundi kabla hujaliona. Kengele za kondoo hutengenezwa Tonara, kijiji ambacho mafundi wake hukunja bati la chuma na kuligonga kwa nyundo hadi litoe sauti inayotakiwa, wakipima kwa sikio. Mchungaji huchagua kengele zake ziitikiane, na kwenye ukungu hutambua kundi lake bila kuliona. Kengele hizohizo hupanda migongoni mwa watu kila tarehe 17 Januari huko Mamoiada, usiku na mchana wa mioto ya Mtakatifu Antonio. Wanaume waliovaa ngozi nyeusi za kondoo na vinyago vyeusi vya mbao hupita njiani wakiruka kwa mpigo mmoja, kila mmoja amebeba kengele za kilo 30 hivi, huku wenzao wenye koti jekundu wakirusha kamba na kumnasa mtazamaji.

Chakula cha safari kilibuniwa hapa zamani kabla baiskeli hazijakuwepo. Wanaume walikuwa wakishuka na makundi kwenye tambarare za pwani vuli, kukimbia theluji, na kurudi milimani majani yanapochipua. Vijiji viliachwa mikononi mwa wanawake, nao ndio waliokuwa wakioka mkate wa kubebwa miezi mingi, pane carasau. Majirani hukusanyika alfajiri kwenye tanuri la kuni. Mmoja husukuma unga uwe duara jembamba kuliko chapati, mmoja huliingiza motoni likafura lote kwa ghafla, na wa tatu hulipokea lingali na mvuke ndani, akapitisha kisu ukingoni na kulitenganisha kuwa kurasa mbili. Kurasa hurudi tena motoni mpaka zikauke zilie zinapovunjwa. Kwenye zizi mkate huu ndio sahani pia: juu yake huwekwa jibini la maziwa ya kondoo lililokaushwa kwa moshi, na kila mtu hukata kwa kisu chake mwenyewe.

Ukikaribishwa, kaa. Kukataa ni kumwambia mtu kwamba chakula chake hakikutoshi, na kutoa pochi ni vibaya zaidi. Hata kwenye baa ya kijijini mgeni hugundua glasi yake imeshalipiwa na mtu asiyemjua. Anachoweza kufanya ni kukaa, kusema jina lake na alikotoka, na siku nyingine kulipia wengine.

Ukarimu huu una uti wa mgongo, nao ni desturi ya paradura. Mchungaji akipoteza kundi kwa moto, maradhi au wizi, kila mwenzake humpa kondoo mmoja, jike mzima, hata kundi lisimame upya. Hakuna anayeandika deni. Kila mtu anajua zamu yake inaweza kufika. Mwaka 2017 wachungaji wa Sardinia walisafirisha kondoo wapatao 1,000 kuvuka bahari hadi Cascia, Italia bara, kwa wafugaji walioangushwa na matetemeko ya ardhi ya mwaka uliotangulia. Miaka miwili baadaye wachungaji haohao walikuwa barabarani wakimwaga maziwa yao kwenye lami, kwa kuwa lita moja ilinunuliwa kwa takribani senti 60 za yuro na haikulipa hata malisho.

Kuhusu moto, neno moja tu. Makia ina mafuta ndani ya majani, na kiangazi cheche moja inatosha. Mwezi Julai 2021 milima ya Montiferru, magharibi mwa kisiwa, iliungua maelfu ya hekta, mizeituni ya karne nyingi ikiwemo. Tangu Carta de Logu, sheria za mtawala Eleonora wa Arborea za mwaka 1392, atiaye moto ovyo huhesabiwa mkosaji mkubwa. Njoo Machi hadi Mei, na jiko la gesi liache nyumbani.

Vijana wengi wa vijiji hivi wameondoka, na pasipopita kundi, makia hurudi. Miaka michache bila mbuzi na njia iliyo kwenye ramani ya simu inaishia kwenye miiba. Ndiyo maana uwanda wa Golgo, juu ya kijiji cha Baunei, unastahili kutazamwa. Punda na nguruwe wanatembea huru huko, na baadhi ya mazizi ya zamani yanawapikia wapita njia nyama ya mbuzi kwa bei iliyotajwa wazi. Hapo mgeni hulipa bila kumuudhi mtu. Fedha hiyo humsaidia mwenye kundi kubaki mlimani, na mbuzi wake huendelea kula machipukizi kando ya njia.