Nani apunguze mafuta? Miaka 60 ya mvutano ndani ya OPEC

Agosti 1960, kampuni ya Standard Oil ya New Jersey ilishusha bei ya mafuta ghafi ya Mashariki ya Kati kwa hadi senti 14 kwa pipa. Serikali zenye visima hazikuulizwa, ingawa kodi zao zilikokotolewa kwa bei hiyo hiyo iliyotangazwa na makampuni. Mwezi uliofuata, mawaziri wa Iran, Iraq, Kuwait, Saudi Arabia na Venezuela walikutana Baghdad wakaunda OPEC.

Waasisi wake wakuu walikuwa Abdullah Tariki wa Saudi Arabia na Juan Pablo Pérez Alfonzo wa Venezuela. Huyu wa pili, akiishi uhamishoni Washington baada ya mapinduzi ya 1948, alichunguza kwa makini Tume ya Reli ya Texas, ambayo licha ya jina lake ndiyo iliyopanga kila kisima cha jimbo hilo kitoe mafuta kiasi gani. Mwaka 1931, mafuta ya East Texas yalipofurika sokoni hadi pipa likauzwa senti 10, gavana alituma askari kufunga visima. Kwa hiyo anayewalaumu Waarabu kwa kubuni udhibiti wa uzalishaji aanzie Texas. Tofauti ni kwamba Texas ilikuwa na sheria na askari wa kuisimamia. OPEC haijawahi kuwa navyo.

Ndiyo maana kwa zaidi ya miaka 20 wanachama hawakugawana uzalishaji. Hata kupanda kwa bei mwaka 1973 na 1974, kutoka takriban dola 3 hadi karibu 12, kulisukumwa na vikwazo vya nchi za Kiarabu, si mgao wa OPEC. Mgao ulianza Machi 1982, wakati mafuta ya Bahari ya Kaskazini, Alaska na Mexico yalipokuwa yakiwanyang'anya wateja. Iran na Iraq zilikuwa vitani, lakini mawaziri wao walikaa meza moja kuhesabu mapipa.

Mzigo ukamwangukia mmoja. Wenzake wakizidisha mgao na kutoa punguzo la bei chini kwa chini, Saudi Arabia ilipunguza mafuta yake ili kuinusuru bei. Mwaka 1980 ilikuwa ikitoa mapipa zaidi ya milioni 9 kwa siku. Kufikia Agosti 1985 yalibaki kama milioni 2 na ushei. Ilipochoka ikafungua mabomba, na mwaka 1986 bei ikashuka chini ya dola 10. Waziri wake, Ahmed Zaki Yamani, alifutwa kazi Oktoba mwaka huo. Naiona hii kuwa ndiyo sura muhimu kuliko zote katika historia ya OPEC, kwa sababu tangu hapo Riyadh haikubali kupunguza peke yake kwa muda mrefu.

Mwishoni mwa 2016 waliongezwa washirika wa nje, wakiwemo Urusi na Oman, na kundi likaitwa OPEC+. Machi 2020 Urusi ilikataa kupunguza zaidi, Saudi Arabia ikajibu kwa kufurisha soko, huku Uviko ukisimamisha ndege na magari. Mwezi uliofuata walikubaliana kuondoa mapipa milioni 9.7 kwa siku. Makubaliano hayo nusura yavunjwe na Mexico: iliombwa ipunguze mapipa 400,000, ikashikilia 100,000 tu, na siku zikapita mawaziri wakibembelezana kwa video.

Wanaoumia zaidi sasa ni wanachama wa Afrika. Mgao hufuata uwezo wa kuzalisha, na uwezo hufuata mtaji. Visima vya bahari kuu vya Angola vimezeeka, uwekezaji mpya umepungua, hivyo kila mgao ulipokokotolewa upya sehemu yake ilisinyaa. Novemba 2023 ilipangiwa mapipa milioni 1.11 kwa siku. Yenyewe ilitaka milioni 1.18. Kwa bajeti inayotegemea mafuta kama ya Luanda, hilo si pengo dogo. Desemba waziri Diamantino Azevedo alitangaza kwamba Angola inajitoa, baada ya miaka 16 ya uanachama. Nigeria, iliyokuwa na malalamiko kama hayo, ilibaki.