Mhandisi wa Meli Aliyeipenda Nyika ya Kisaju

Wasifu unaosomwa makaburini siku hizi una kalibu moja. Marehemu alizaliwa mwaka fulani, akasoma, akaajiriwa, akaoa, akajaliwa watoto kadha. Waombolezaji hutawanyika bila kujua alikuwa mtu wa namna gani. Kwa kuwa vijana huiga kalibu hiyo katika insha zao, yafaa walimu na wanafunzi waitafakari.

Namkumbuka mzee mmoja wa Kisaju, katika Kaunti ya Kajiado, ambaye wasifu wa aina hiyo haukumtosha. Alikuwa mhandisi wa meli. Nahodha huitazama bahari. Mhandisi huisikia tu ikigonga bamba la chuma. Miaka yake ya kazi aliimaliza chini ya sitaha, penye joto, ngurumo za mitambo na harufu ya mafuta. Alipostaafu hakutafuta nyumba pwani. Alikuja Kisaju, kando ya barabara iendayo Namanga, ambako jicho husafiri mbali bila kizuizi, na kila alfajiri akatoka kwa miguu kuwatazama swala na ndege.

Majirani walimshangaa, na lugha yetu inaeleza sababu. Mtu asiye na adabu twamwita wa porini. Mbwa asiye na bwana ni mbwa mwitu. Pori na mwitu yamebeba hofu na dharau katika vinywa vyetu. Mzee huyo alipendelea neno nyika, akilitamka kama mtu atajaye kwao.

Mapenzi hayo yalikuwa na gharama. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyotangazwa mwaka 1946, haikuzungushiwa ua upande wa kusini. Mvua zinyeshapo, nyumbu na pundamilia huvuka kuelekea tambarare za Kitengela na Kaputiei. Wakati wa kiangazi hurejea mbugani kutafuta maji. Lakini ardhi imegawanywa, ikauzwa vipande vipande, na seng'enge zikaziba mapito. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye mashamba dola 4 kwa ekari kila mwaka ili wasizungushe ua wala kuuza. Mzee wetu hakuweka ua katika shamba lake. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba mhandisi haachi zamu kabla ya kumwandalia mwenzake anayeingia.

Jibu hilo hunikumbusha Anton Rüter, fundi Mjerumani aliyefika Kigoma kuiunganisha meli ya Graf von Goetzen, iliyoletwa vipande vipande kutoka Papenburg. Mwezi Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma vitani, iliamriwa meli hiyo izamishwe katika Ziwa Tanganyika. Yeye na wenzake walitii, lakini kwanza waliipaka mitambo grisi nzito. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, wakakuta mitambo ingali mizima. Mwaka 1927 meli ilianza tena safari kwa jina la Liemba, ikawabeba watu wa ziwa hilo kwa miongo mingi.

Walioipaka grisi hiyo hawakujua ingemfaa nani. Vilevile mzee wa Kisaju hakujua nani angewaona nyumbu wakipita shambani mwake. Lakini grisi ikishapakwa huweza kungoja miaka kadhaa chini ya maji. Nyika haina subira hiyo. Pito likishazibwa kwa mawe na nyumba, hakuna fundi wa kuliinua.

Basi, mwanafunzi utakapoombwa kuandika wasifu wa babu au nyanya yako, taja miaka na vyeo, kwani hivyo ni haki ya marehemu. Kisha uliza swali moja zaidi: alimwachia nini mwenye zamu inayofuata? Wanafunzi wa Kajiado wana swali la ziada la kuwauliza wazazi wao wangali hai, kabla ya kipande kingine cha ardhi kupimwa.