Dola milioni 24 kwa kiti cha mshahara wa dola 49,000

Mwaka 2017, uchaguzi wa Wilaya ya 3 ya Bunge la jimbo la New Jersey, Marekani, ulikula takribani dola milioni 24. Haukuwa uchaguzi wa Congress kule Washington, wala wa gavana. Ulikuwa wa seneta mmoja wa jimbo na wabunge wawili wa baraza la chini, katika wilaya inayoshika kaunti ya Salem na sehemu za Gloucester na Cumberland, nchi ya mashamba na miji midogo kando ya Mto Delaware. Hakuna uchaguzi wa bunge uliowahi kugharimu kiasi hicho katika historia ya New Jersey. Miaka minne baadaye, kiti hichohicho cha seneti kikachukuliwa na dereva wa lori ambaye kampeni yake ilikuwa na vijisenti tu.

Wengi walioisikia habari hiyo walihitimisha kwamba fedha hazinunui kura. Mimi naona walisoma namba vibaya. Zile milioni 24 hazikuwa bei ya kuwakilisha Salem na jirani zake. Zilikuwa bei ya kiti cha Rais wa Seneti, ambacho kwa bahati tu kilikuwa kinakaliwa na mtu wa wilaya hiyo.

Tuanze na ukubwa. New Jersey ina wilaya 40, na kila wilaya hutoa seneta mmoja na wabunge wawili. Kwa sensa ya 2010, jimbo lilikuwa na watu 8,791,894, yaani karibu 220,000 kwa kila wilaya. Sensa ya 2020 iliisogeza hesabu hiyo hadi 232,000. Hicho ni kimo cha kati kwa Marekani: seneta wa jimbo la California anabeba watu karibu 990,000, kuliko hata mbunge wa Congress, na mwenzake wa North Dakota anabeba kama 16,500 tu.

Usawa huu wa wilaya ndani ya jimbo si wa kale. Hadi miaka ya 1960, kila moja ya kaunti 21 za New Jersey ilikuwa na seneta mmoja. Essex yenye watu zaidi ya 920,000 ilikuwa na kura moja, na Cape May isiyofika watu 50,000 nayo moja. (Wakenya wanaujua mpango huo: kwa sensa ya 2019 Nairobi ilikuwa na watu mara 30 ya Lamu, na kila kaunti humchagua seneta mmoja.) Mwaka 1964 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mabaraza yote mawili ya bunge la jimbo lazima yagawanywe kwa idadi ya watu. Salem, ambayo zamani ilikuwa na seneta wake peke yake, sasa ikalazimika kuchangia na jirani zake.

Sasa fedha. Gawanya milioni 24 kwa watu 220,000, unapata kama dola 109 kwa kila mkazi, mtoto mchanga akiwemo. Mshahara wa mbunge au seneta ulikuwa dola 49,000 kwa mwaka. Seneta aliyechaguliwa 2017 alikuwa na miaka minne mbele yake na wabunge wawili walikuwa na miwili kila mmoja, kwa hiyo mishahara ya msingi ya viti vyote vitatu kwa muhula mzima ni dola 392,000. Uchaguzi wao uligharimu mara 61 ya hapo.

Fedha zote hizo zilipitaje, wakati sheria ilimruhusu mtu binafsi kumchangia mgombea dola 2,600 tu kwa kila uchaguzi? Kwa kiwango hicho zingehitajika risiti zaidi ya 9,200 zilizojaa hadi kikomo. Hazikupita mlango huo. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 2010, kundi lisilofungamana na mgombea linaweza kutumia kiasi chochote kumpigia debe au kumchafua, almradi lisipange mambo pamoja naye. Sehemu kubwa ya milioni 24 ilikuwa ya makundi ya aina hiyo.

Na ziliishia wapi? Matangazo ya televisheni ndiyo yenye mdomo mkubwa kuliko vyote. New Jersey imebanwa kati ya New York na Philadelphia, na nyumba za kusini hutazama vituo vya Philadelphia. Ukitaka kumfikia mpiga kura wa Salem kwa njia hiyo, unalipia pia macho ya mamilioni ya watu wa Pennsylvania na Delaware ambao hawana kura huko.

Bado hatujajibu kwa nini wilaya hii. Seneta wake, Stephen Sweeney wa Democratic, fundi wa vyuma kwa kazi yake ya awali, alikuwa Rais wa Seneti tangu 2010. Mwenye kiti hicho ndiye huamua muswada upi upigiwe kura na upi ulale kabatini. Mwaka 2011 alisaidia kupitisha sheria iliyowalazimisha watumishi wa umma kuchangia zaidi pensheni na bima ya afya, na mwaka 2016 alikataa kupigisha kura pendekezo la katiba kuhusu malipo ya pensheni. Chama cha walimu cha jimbo, NJEA, chenye wanachama wapatao 200,000, kikatangaza vita na kumuunga mkono mpinzani wa Republican, Fran Grenier. Kilitumia zaidi ya dola milioni 4. Washirika wa Sweeney wakajibu kwa mafungu makubwa zaidi, naye akashinda kwa pengo la kama asilimia 18.

Bajeti ya jimbo mwaka huo ilikuwa dola bilioni 34.7. Milioni 24 ni chini ya senti 7 katika kila dola 100 za bajeti hiyo. Kwa anayetaka sauti ndani ya bajeti, hiyo si bei ya kutisha hata kidogo.

Mwaka 2021 walimu hawakurudi na vita ile, na Sweeney alionekana yuko salama. Edward Durr, dereva wa lori wa kampuni ya samani, akamshinda kwa takribani kura 2,200 kati ya kama 65,000. Dunia nzima ikatangaziwa kwamba alitumia dola 153. Namba hiyo ni ya kweli, lakini ni ya kura za mchujo peke yake, ambako hakuwa na mpinzani: sehemu ilikwenda kwenye vitafunio vya Dunkin' na iliyobaki kwenye vipeperushi na kadi. Kampeni nzima ilimgharimu dola elfu chache.

Kilichombeba ni kinyang'anyiro cha ugavana. Gavana Phil Murphy, aliyeshinda 2017 kwa pengo la asilimia 14, safari hii aliponea kwa asilimia 3 hivi, na vijijini kusini chama chake kilizama. Ushahidi umo humohumo wilayani: wabunge wawili wa Democratic nao waling'oka siku hiyohiyo. Mawimbi hayo yalilipiwa na kampeni za ugavana, na hayamo kwenye hesabu za Durr.

Mmoja wa walioanguka, John Burzichelli, alirudi 2023 na kumng'oa Durr. Sweeney aligombea ugavana katika mchujo wa Juni 2025 akamaliza wa sita kati ya sita. Aliyemtangulia kwa nafasi moja alikuwa Sean Spiller, rais wa NJEA wakati huo, ambaye kundi lililofadhiliwa na chama hicho lilimtumilia zaidi ya dola milioni 35. Mara hii fedha ziliingia kwa wingi kuliko 2017, na kiti hakikupatikana.

Kikomo cha mchango wa mtu binafsi kilipandishwa mwaka 2023 hadi dola 5,200, na mshahara wa seneta umefika dola 82,000 kuanzia Januari 2026. Viti vyote 40 vya seneti vitagombewa tena Novemba 2027. Ukiona mahali mamilioni yanamiminika tena, usianze kuhesabu wakazi wa wilaya. Uliza kwanza seneta wake anaongoza nini huko bungeni.