Mkutubi wa Katalogi: Jinsi Kitabu Kinavyopata Mahali Pake Maktabani

Mkazi wa Mashimoni, Kibera, anayetaka kuanza kufuga kuku anaweza kuingia maktaba ya umma akiwa na swali moja tu: kitabu cha kuku kiko wapi? Jibu huwa limeandaliwa mapema na mtu ambaye wasomaji wengi hawamwoni, yaani mkutubi anayeshughulikia katalogi.

Kitabu kipya, kiwe kimenunuliwa au kimetolewa kama msaada, hakipelekwi rafuni moja kwa moja. Mkutubi huandika kwanza jina lake, mwandishi, mchapishaji na mwaka kilipotoka. Kisha hupitia yaliyomo ili ajue kinahusu nini hasa, kwa kuwa jina la jaladani huweza kupotosha. Baadaye hukipa nambari na kuibandika mgongoni.

Maktaba nyingi za umma nchini hutumia mpangilio wa Dewey, uliochapishwa Marekani kwa mara ya kwanza mwaka 1876. Mpangilio huo hugawa maarifa yote katika mafungu kumi. Fungu la 600 ni la ufundi na matumizi ya sayansi. Ndani yake, 630 ni kilimo, 636 ni ufugaji, na 636.5 ni kuku na ndege wengine wafugwao. Riwaya na mashairi ya Kiswahili hupatikana 896.392.

Faida ya nambari ni kwamba haijali lugha. Kitabu cha Kiswahili kuhusu kuku na kile cha Kiingereza hukaa bega kwa bega, hivyo msomaji huchagua anachokielewa.

Majina ya waandishi nayo huhitaji uangalifu. Riwaya ya Weep Not, Child ilitoka mwaka 1964 ikiwa na jina James Ngugi, ilhali Petals of Blood ya mwaka 1977 ina jina Ngũgĩ wa Thiong'o. Mwandishi ni yule yule. Katalogi isipounganisha majina hayo mawili, mwanafunzi atapata nusu tu ya anachotafuta.

Kosa dogo lina gharama. Tarakimu zikigeuka na 636.5 ikawa 363.5, kitabu cha kuku kitapelekwa kwenye vitabu vya masuala ya makazi. Kitabu kimo maktabani na kimelipiwa kwa fedha za umma, lakini kwa anayekihitaji ni kama hakikununuliwa.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inataja maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti. Jijini Nairobi, Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, ina matawi Kaloleni na Makadara. Kibera nako kuna maktaba ya Huduma ya Maktaba ya Taifa, KNLS.

Wasomaji wanaweza kurahisisha kazi hii kwa njia tatu:

• Kuandika nambari yote ya kitabu kabla ya kwenda rafuni, pamoja na tarakimu zilizo baada ya nukta na herufi zinazofuata.

• Kuacha kitabu mezani baada ya kukisoma. Kikirudishwa rafu isiyo yake, huenda kikakosekana hadi vitabu vihesabiwe.

• Kumweleza mkutubi mada wanayoitafuta, hata kama hawajui jina la kitabu wala mwandishi.