Kushuka Bugarama hadi Rohero: Gia ndogo huokoa breki na mafuta

Dereva anayetoka Bugarama kuelekea Rohero, katikati ya Bujumbura, huteremka zaidi ya mita 1,200 katika safari ya takriban kilomita 35. Barabara ya Taifa namba 1 hupinda mlima baada ya mlima, huku malori, mabasi madogo na waendesha baiskeli waliopakia ndizi wakigawana njia hiyo hiyo. Usalama wao wote hutegemea kwa kiasi kikubwa gia aliyoichagua dereva kabla ya kuanza kushuka.

Kwa nini breki peke yake haitoshi?

Breki hupunguza mwendo kwa msuguano, na msuguano huzaa joto. Breki ikikanyagwa mfululizo kwa dakika nyingi, joto hilo hukosa nafasi ya kutoka. Pedi hupoteza uwezo wa kushika, na mafuta ya breki yakichemka hutoa mvuke ndani ya mirija. Hapo kanyagio huwa laini na kuzama, ilhali gari halipungui mwendo. Harufu ya kuungua ni onyo la mapema, na dereva anayeisikia anapaswa kuegesha mahali salama na kusubiri breki zipoe.

Gari likiwa katika gia ndogo, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Injini isiyopewa mafuta huwa nzito kuzungushwa, na uzito huo hulizuia gari. Kadiri gia inavyokuwa ndogo, ndivyo kizuizi kinavyoongezeka, nazo breki hubaki baridi kwa ajili ya kona kali au dharura.

Namna ya kushusha gia

Kwanza, dereva hupunguza mwendo kwa breki. Kisha hukanyaga klachi na kuhamisha gia hatua moja, kwa mfano kutoka ya nne hadi ya tatu. Kabla ya kuachia klachi, hugusa kidogo kanyagio la mafuta ili injini iongeze mizunguko na kulingana na mwendo wa magurudumu. Mwisho, huachia klachi polepole, bila kishindo.

Kuruka kutoka gia ya nne hadi ya kwanza gari likiwa kasi ni hatari: injini huzungushwa kupita kiasi, na magurudumu yanaweza kuteleza. Hatari hiyo huzidi wakati wa mvua, lami inapokuwa imelowa.

Je, nyutro huokoa mafuta?

Mafuta yanapokuwa adimu mjini, wapo madereva wanaotoa gia au hata kuzima injini mteremkoni wakiamini kwamba wanabana matumizi. Katika magari mengi ya kisasa, ambayo mafuta yake hupimwa na kompyuta, imani hiyo si sahihi. Gari likiwa ndani ya gia na mguu ukiwa umeondolewa kwenye kanyagio la mafuta, kompyuta hukata mafuta kwa sababu magurudumu yanatosha kuizungusha injini. Likiwa nyutro, injini hulazimika kuchoma mafuta ili isizime.

Kuzima injini ni hatari zaidi. Msaada unaolainisha breki huisha baada ya kukanyaga mara chache, usukani huwa mzito, na ufunguo ukichomolewa usukani unaweza kujifunga.

Hata ndani ya mji

Hatari hii haiishii milimani. Anayeteremka kutoka mtaa wa Kiriri huingia Rohero kwa mteremko mfupi lakini mkali, na chini yake kuna makutano ya barabara na watembea kwa miguu. Hapo pia gia ya pili hufaa kuliko kuitegemea breki pekee.

Kanuni ya madereva wazoefu ni rahisi kukumbuka: gia inayohitajika kuupanda mlima ndiyo ya kuushukia, nayo huingizwa juu, kabla mteremko haujaanza.