Wanaotoka kwa Wingi

Kumbikumbi hana sumu wala mwiba, na hata kuruka hajui sana. Kinga yake ni wingi: wote hutoka kwa pamoja, walaji hushiba, na wachache wanaosalia ndio wanaozaa.

Kisii na Nyamira, nchini Kenya, mambo hayo huja na mvua. Ndani ya kichuguu, mchwa wenye mabawa huwa wamekwisha kukomaa, wanangoja tu. Udongo ukilainika, mchwa wafanyakazi hutoboa matundu, askari hulinda mlango, na kumbikumbi humiminika. Kuku, vyura, ndege na watoto wenye mabeseni huwahi hapohapo. Jioni kumbikumbi hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe na kuliwa kwa obokima, yaani ugali wa wimbi.

Kelele za siku hiyo ni za watu, kwa maana kumbikumbi haimbi. Jike akitua humvuta dume kwa harufu. Sehemu nyingi za magharibi mwa Kenya watu hugonga vijiti ardhini karibu na matundu, na baadhi ya aina za mchwa hutoka kana kwamba mvua imenyesha.

Mashariki mwa Marekani, wanaopiga kelele ni wadudu wenyewe. Nyenje wa jenasi ya Magicicada hukaa ardhini miaka 13 au 17 wakifyonza mizizi. Mwaka wao ukitimia, na udongo ukifikia joto la nyuzi 18 hivi za Selsiasi, hutoka kwa pamoja, pengine milioni 1.5 katika ekari moja. Madume hutikisa viwambo vilivyo ubavuni mwa tumbo, na mlio wa kundi hukaribia desibeli 100. Kwa wiki kadhaa wenyeji hulazimika kupaza sauti ili wasikilizane.

Wanahesabuje miaka? Mwaka 2000 Richard Karban na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha jaribio lao: waliwaweka nyenje wa aina ya miaka 17, waliokuwa na umri wa miaka 15, kwenye mizizi ya mipichi iliyofanywa ichanue mara mbili kwa mwaka. Nyenje wakatoka mwaka mmoja kabla ya wakati. Walikuwa wakihesabu misimu ya mti, si siku.

Kisii haifiki digrii 1 kusini mwa ikweta. Chai huchumwa mwaka mzima, na hakuna baridi ya kupukutisha majani ya miti. Mdudu wa hapa angehesabu nini? Kinachobadilika ni mvua, nayo huwahi au huchelewa. Jozi ya kumbikumbi ikitua kwenye udongo mkavu haiwezi kuchimba chumba cha kuanzia ukoo. Kwa hiyo kumbikumbi hafuati miaka. Hufuata mvua yenyewe.

Hesabu ya wingi ina faida kwa mkulima pia. Wengi wa wanaoruka wangeliwa hata hivyo, na kichuguu kilichowatoa kitatoa wengine mvua nyingine. Kuokota kumbikumbi hakumalizi ukoo. Kukichimba kichuguu hadi kwa malkia ndiko kunakoweza kuumaliza.