Tulimsoma chuoni, tukamwona Tsavo

Nilikuwa mtoto wa miaka sita nilipomjua ndovu. Sikumwona kwa macho, nilimhifadhi. Maalim wetu, Mungu amrehemu, alikuwa na henzerani ndefu iliyofika mpaka safu ya nyuma, na sura fupi za juzuu ya Amma tulizisoma kwa sauti moja hata mtaa mzima ukajua tumefika wapi. Tulipofika Suratul Fil alituhadithia habari za Abraha aliyetoka Yaman na jeshi lake kwenda kuibomoa Al-Kaaba, na ndovu wake aliyepiga magoti akakataa kwenda, na ndege wa Ababili waliowatupia vijiwe. Mwaka huo wa ndovu ndio aliozaliwa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Basi kila mtoto wa Kiislamu wa Mombasa, Malindi na Lamu humjua ndovu kabla hajajua kuandika jina lake mwenyewe.

Lakini kumjua kwetu huishia hapo. Mimi nimetimiza miaka 54, nimepanda jahazi na ndege, nimefika Unguja na Maskati, na mpaka likizo ya shule iliyopita sikuwa nimemwona ndovu aliye hai. Na Voi, msomaji mpenzi, ni mwendo wa kilomita 160 tu kutoka Kisiwani. Watu hutoka Ujerumani na Italia kuja kumtazama, wakapita mbele ya baraza zetu na kofia zao za jua, nasi twawatazama wao.

Haya neno lenyewe, safari, si letu? Tumelipokea kwa Waarabu, tukalitumia kwa kwenda Makka na kwa kwenda Lamu, kwa harusi na kwa matanga. Wazungu wakalichukua kwetu wakalipa maana moja tu, ya kwenda mwituni kutazama au kuwinda wanyama. Leo ukimwambia mgeni kuwa una safari, atakuuliza umeona simba wangapi.

Aliyenitoa aibu ni binti ya dada yangu, ambaye ni mwalimu. Alikodi matatu ya kubeba watu kumi na wanne, akaijaza watoto wa nyumbani na wa jirani, akanipa mimi kiti cha mbele kwa heshima ya mvi, na nyuma yangu akamkalisha mjomba wangu, mzee wa miaka 76. Kumpata mjomba ilikuwa kazi. Alisema kutazama wanyama ni kazi ya Wazungu, na kwamba magoti yake hayataki gari. Alikuwa na sababu nyingine pia, nami niliijua, lakini sikuitaja.

Tuliondoka mara tu baada ya sala ya Alfajiri. Mazeras, Mariakani, Samburu, kisha nyika ya Taru, ile iliyowatisha wasafiri wa zamani kwa ukosefu wa maji. Tulipofika Mackinnon Road dereva alipunguza mwendo pasi na kuambiwa, kwani pale kando ya reli ndipo penye msikiti na kaburi la Sayyid Baghali Shah, mtu wa Bara Hindi aliyekuja na ujenzi wa reli, ile iliyoanza Mombasa mwaka 1896. Yasemekana karai lake la mchanga halikugusa kichwa chake, lilielea juu yake. Madereva wengi, hata wasio Waislamu, hawapiti hapo bila kusimama. Tulisoma Fatiha, tukaahidi kurudi kusali hapo adhuhuri na alasiri kwa pamoja. Kwenda Voi ni safari ya zaidi ya marhala mbili, na msafiri ana ruhusa yake.

Kwenye lango la Voi hawapokei pesa mkononi. Hulipwa kwa simu, na ada ya raia ni ndogo mno kuliko ya mgeni. Askari alitusomea masharti: gari lisitoke njiani, mtu asishuke ila mahali palipoandikwa, chupa na mifuko ya plastiki isiingie. Kwa hilo la mwisho binti ya dada yangu alikuwa amekwisha jitayarisha. Mahamri yalifungwa kwa vitambaa, na mbaazi zilikuwa katika sufuria yenye kifuniko, ambayo mtoto mmoja alipewa aipakate mpaka Voi, naye hajasamehe hata leo.

Tsavo ilifunguliwa kuwa hifadhi mwaka 1948, na mwaka uliofuata ikagawanywa Mashariki na Magharibi. Zikichanganywa ni takriban kilomita mraba 22,000. Mimi nilidhani nitaona uwanja wenye wanyama waliopangwa, kama picha za kalenda. Kumbe ni vichaka na ardhi nyekundu mpaka upeo wa macho, na mnyama humpati ila kwa subira. Tuliona punda milia, swara, twiga watatu, na nyati mmoja aliyetutazama kama mtu anayedai deni. Simba hatukumwona. Watoto walimtaka sana, maana walikwisha kuhadithiwa wale wawili wa mwaka 1898 waliokula wafanyakazi wa reli penye mto Tsavo mpaka ujenzi wa daraja ukasimama. Mhandisi Patterson akawaua mwezi wa Disemba mwaka huo, na leo wamekaushwa, wako katika jumba la makumbusho la Chicago.

Yapata saa nne dereva alizima moto wa gari karibu na kidimbwi cha maji. Hakusema neno. Mtoto wa kike wa miaka saba akauliza, "Mbona wale ni wekundu?"

Walikuwa kumi na mmoja, na wallahi walikuwa wekundu kama matofali. Ndovu wa Tsavo hujirushia vumbi la nchi ile kwa mkonga na kugaagaa katika tope lake, hata rangi yake ya asili haionekani. Mbele alikuwa jike mkongwe, pembe yake moja imevunjika, na nyuma yake majike wengine na watoto, mmoja wao mdogo hata apita chini ya tumbo la mamake bila kuinama. Dereva alituambia kuwa ndovu huongozwa na bibi yao. Yeye ndiye akumbukaye maji yalipo wakati wa kiangazi. Mimba yake ni ya miezi 22. Na wataalamu waligundua katika miaka ya 1980 kuwa wao husemezana kwa mngurumo wa chini sana, usiosikika kwa sikio la binadamu. Sisi tulisikia ukimya tu, na maji yakimiminwa kinywani.

Subhanallah! Nilijaribu kukumbuka nilivyomchora ndovu akilini mwangu chuoni, nikaona nilimfanya mdogo. Nilimfanya kama ng'ombe mwenye mkonga.

Mjomba hakusema kitu. Alikuwa ameshika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili.

Sasa niseme ile sababu yake. Tangu mwaka 1969 mjomba alikuwa kibarua, na baadaye karani, katika ghala moja la pembe pale Mombasa. Kazi yake ilikuwa kuzipangusa pembe, kuzipandisha kwenye mizani, na kuandika uzito na nambari kwa wino juu ya kila moja. Aliifanya mpaka serikali ilipopiga marufuku uwindaji, Mei 1977, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya vitu vya pembe na ngozi. Mkono wake ulijua pembe kama mkono wa fundi ujuavyo mbao. Alijua ile ncha iliyochakaa kwa kuchimba, na ule upande wa ndani ulio wazi na mkavu, uliokuwa umezama katika fuvu. Miaka tisa. Na ndovu mwenyewe hakupata kumwona hata siku moja.

Miaka ile, wasomaji wazee watakumbuka, pembe zilikuwa nyingi. Ukame wa 1970 na 1971 uliua ndovu wapatao 6,000 katika Tsavo, na wengi wao walikuwa majike na watoto, kwa kuwa mama mwenye mtoto mchanga haendi mbali na maji, na majani yaliyo karibu na maji ndiyo yaishayo kwanza. Kabla ya hapo wataalamu walikuwa wameteta: wengine walitaka ndovu wapunguzwe kwa bunduki, kwa kuwa walizidi na kuvunja miti, na David Sheldrick, aliyekuwa mkuu wa Tsavo Mashariki, akashikilia kuwa waachwe. Baada ya ukame wakaja majangili na bunduki zao. Ndovu waliokuwa makumi ya maelfu walipohesabiwa mwaka 1988 hawakufika 6,000. Ndipo Julai 1989 Rais Moi akazitia moto tani 12 za pembe mjini Nairobi.

Haya yote tuliyasoma magazetini kama habari za bara. Na je, mlango ulikuwa wapi? Toka zama za masultani, Wakamba walizileta pembe mpaka kwa Mijikenda, zikashuka Mombasa, na baadaye misafara ya watu wetu wenyewe ikaenda kuzifuata. Zilipakiwa majahazini kwenda Bara Hindi, zikachongwa bangili. Zilikwenda Marekani na Ulaya, zikawa vitufe vya piano. Siwa ya Pate, tunayojivunia, ni ya pembe za ndovu. Na wala jambo hili si la zamani tu. Katika miaka ya 2010 bandari yetu ilitajwa mara nyingi kuwa njia kubwa ya pembe za magendo, na Juni 2014 polisi walikuta zaidi ya tani mbili katika ghala moja mjini Mombasa. Ghala hilo halikuwa mwituni. Lilikuwa mtaani, watu wakipita na vikapu vyao kwenda sokoni.

Jike mkongwe aligeuka akatutazama. Masikio aliyafungua, kisha akayalaza. Ndipo mjomba aliponena, kwa sauti ndogo, "Hebu tazama mato yake." Baada ya kitambo akasema tena, "Kila pembe mbili ni ndovu mmoja. Hesabu hiyo sikupata kuifanya."

Mtoto yule wa kike, aliyekuwa magotini pake, akamwuliza alizipima ngapi. Mjomba akamwambia hajui, vitabu vilibaki kazini. Mtoto akauliza kama ndovu hawa walimjua mwenye vitabu. Mamake akamwambia anyamaze, lakini mjomba alimwinulia mkono kumzuia. Sijui alitaka kumjibu nini, kwa kuwa hakumjibu.

Niongeze neno moja la pembeni. Wengi bara humwita mnyama huyu tembo. Mjomba hataki kulisikia jina hilo. Kwetu tembo ni pombe ya mnazi, naye asema hawezi kurudi nyumbani akawaambia watu wa msikitini kuwa kutwa alikuwa akitazama tembo.

Tulipotoka tulisimama Voi kununua machungwa. Mama aliyetuuzia, Mtaita, alituuliza tulikotoka, na tulipomsifia ndovu alicheka. "Nyinyi mwaja kuwaona," akasema, "sisi wao ndio huja kutuona." Mahindi yake ya msimu uliopita yaliliwa usiku mmoja. Sheria ya mwaka 2013 imeweka fidia kwa aliyeuawa au kuharibiwa shamba na mnyama, shilingi milioni tano kwa roho ya mtu, lakini yeye alisema karatasi zina miguu mizito kuliko ya ndovu. Sikuwa na la kumjibu. Ni rahisi kumpenda ndovu ukiwa na tiketi ya kurudi Mombasa.

Hata hivyo namshukuru Mungu kuwa wapo. Hesabu ya serikali ya mwaka 2021 ilikuta karibu 15,000 katika eneo zima la Tsavo, katika 36,280 wa Kenya nzima. Mwaka uliofuata ukame ulirudi, na kwa miezi tisa ndovu 205 walihesabiwa kuwa wamekufa nchini. Njiani dereva alituonyesha tuta la reli mpya, ile iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, na mianya iliyoachwa chini yake ndovu wapite.

Mackinnon Road tulisali kama tulivyoahidi. Mjomba alikawia kwenye kaburi kuliko sisi sote, mpaka dereva akaanza kutazama saa. Aliporudi garini aliomba hamri lililobaki, akalila lote, kisha akaanza kutuuliza maswali kana kwamba ndiyo kwanza anaamka. Yule mwenye pembe iliyovunjika ana umri gani? Mto Galana ni huu huu uitwao Sabaki ukifika baharini karibu na Malindi? Nikamwambia ndiyo, ni mmoja. Athi na Tsavo hukutana humo mbugani wakawa Galana, na Galana ndiye Sabaki. Nikamwambia pia kuwa yale maji ya Mzima, ambayo Mombasa imeyanywa kwa bomba tangu miaka ya 1950, yatoka Tsavo hiyo hiyo, upande wa Magharibi, na kwamba hutoka chini ya mawe meupe kama kioo, na viboko wamo ndani.

"Viboko wamo katika maji yetu?" akauliza.

Watoto walicheka mpaka Mariakani. Siku ya pili, kabla sijanywa chai, alinipigia simu kuuliza gari la kwenda Mzima hukodiwa kwa bei gani, na kama kuna nafasi ya yule mtoto wa kike.